Maswali Yenu: Shinde iru Si "Anakufa"

Maswali ya safari hii yote yanahusu vitenzi visaidizi vya Kijapani. Tumeyafupisha. Mifano tumeiandika kwa herufi za Kirumi: ō na ū ni vokali ndefu, na konsonanti iliyorudiwa, kama tt, hushikiliwa pigo moja kabla ya kuachiwa.

Mwalimu, shikamoo. Kitabu changu, cha Kiingereza, kinasema -te iru ni kitendo kinachoendelea. Tabete iru ni "anakula", hapo sina neno. Lakini zoezi la mwisho limetafsiri shinde iru kuwa "amekufa", na kekkon shite iru kuwa "ameoa". Nitajuaje lini ni -na- na lini ni -me-? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Kiweke kando hicho kitabu kwa dakika kumi, maana jibu unalo mdomoni tangu utotoni.

Mtazame mtu aliye kwenye kiti. Husemi "anaketi", ukisema hivyo, ndiyo kwanza anajishusha. Unasema "ameketi". Ndivyo ilivyo kwa amesimama, amelala, amevaa, amechoka, amefika, ameoa, amekufa. Kitendo kilishapita, hali iliyoachwa nacho ndiyo tunayoiona. Kijapani hali hizo zote huzipa -te iru: suwatte iru, tatte iru, nete iru, kite iru, tsukarete iru, tsuite iru, kekkon shite iru, shinde iru. Vitenzi vya shughuli inayochukua muda, kama kula, kusoma na kufanya kazi, navyo vinavaa -te iru ileile, ila hapo maana ni -na-: tabete iru, yonde iru, hataraite iru. Kwa hiyo iru haibadiliki. Kinachoamua ni kitenzi kilichotangulia.

Mwaka 1950 mwanaisimu Kindaichi Haruhiko aligawa vitenzi vya Kijapani mafungu manne kwa kipimo hichohicho. Kuna vya hali tupu visivyokubali -te iru (aru na iru yenyewe), vya kitendo kinachodumu, vya kitendo cha mara moja, na vichache ambavyo karibu daima huonekana ndani ya -te iru, kama sobiete iru, isemwayo kwa mlima uliosimama juu ya vingine vyote. Huna haja ya kukariri mafungu. Sema kwanza sentensi yako kwa Kiswahili huku ukiiwazia hali yenyewe mbele ya macho. Ulimi ukichagua ame-, basi -te iru ya kitenzi hicho ni ya hali, na usiitumie kusema jambo lingali njiani. "Anakufa", yaani yu mahututi, ni shinikakete iru.

Kipimo hiki kina mipaka, na hapa ndipo wengi wanapoangukia.

Kuja na kwenda kwanza. Haha wa kite iru ni "mama amekuja", yupo hapa. Tōkyō ni itte iru ni "ameenda Tokyo", yuko hukohuko. Mtu akikupigia simu nawe uko kwenye daladala, ukajibu ima kite imasu kwa nia ya "nakuja", umekosea mara mbili. Umesema tayari umefika. Tena umetumia kuru, wakati Mjapani anayemfuata mwenzake aliko husema iku. Jibu sahihi ni ima ikimasu, au ima mukatte imasu ikiwa kweli uko njiani.

Pili, si kila -me- ni -te iru. "Nimeshakula" ni mō tabemashita, wakati uliopita wa kawaida. Lakini kanushi lake linarudi palepale: "sijala" ni mada tabete imasen. Wanafunzi wanaopitia Kiingereza huandika mada tabemasen deshita, na hilo ni kosa. Wewe una -ja-, na -ja- ni mada -te inai: sijasoma, mada yonde imasen; hajafika, mada tsuite imasen. Hata jibu la mkato ni lilelile. Umeshakula? Bado. Mō tabemashita ka? Mada desu.

Tatu, viko vitenzi vitatu vya kukariri tu, kwa kuwa Kiswahili hakivipi ame-: shitte iru (najua), sunde iru (naishi), motte iru (ninacho). Shiru maana yake hasa ni "kupata kujua", na ndiyo sababu kujua kwenyewe ni hali inayofuata. Ila "sijui" ni shirimasen. Shitte imasen mwalimu yeyote ataipigia mstari mwekundu.

Habari za kazi, mwalimu? Naskia kite na kitte sawasawa kabisa. Kuna dawa? (Msikilizaji wa kanda, Mombasa)

Nzuri. Sikio lako halina ugonjwa. Kiswahili hakina t ya kushikilia, basi. Hesabu mapigo kwa kidole mezani: ki-te ni mawili, ki-t-te ni matatu, na pigo la katikati ni kimya. Kuhesabu kwa namna hii unakujua: "mtu" ni m-tu, mapigo mawili, na m inajitegemea. N ya Kijapani ni hivyo pia, hon ni ho-n. Kilicho kigeni kwako ni lile pigo la kimya tu.

Gharama ya kulipuuza ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kite kudasai ni "njoo" au "vaa", kitte kudasai ni "kata". Shite imasu ni "nafanya", shitte imasu ni "najua".

Na chanzo chake kiko kwenye umbo la -te, ambalo bila hilo kisaidizi hakina pa kushika. Vitenzi vya kundi la pili huacha -ru na kupokea -te: taberu, tabete. Vya kundi la kwanza hufuata herufi ya mwisho: -u, -tsu, -ru huwa -tte (kau, katte, matsu, matte, okuru, okutte), -mu, -bu, -nu huwa -nde (yomu, yonde), -ku huwa -ite na -gu huwa -ide (kaku, kaite, oyogu, oyoide), -su huwa -shite (hanasu, hanashite). Suru ni shite, kuru ni kite, na iku inaasi kundi lake: itte, si iite. Tatizo lipo kwa vitenzi vinavyoishia -iru au -eru, maana huwezi kujua kundi kwa kuvitazama. Kiru "kuvaa" ni kundi la pili, kite. Kiru "kukata" ni la kwanza, kitte. Kaeru "kubadilisha" ni kaete, kaeru "kurudi nyumbani" ni kaette. Unapoandika neno jipya daftarini, liandike na -te yake ubavuni siku ileile.

Mado ga aite iru, mado ga akete aru, mado o akete oku. Madirisha matatu, na mimi naona moja tu lililo wazi. (Msomaji, Arusha)

Rudi kwenye kauli za vitenzi ulizofundishwa shuleni. Tuna "fungua" na "funguka", "vunja" na "vunjika", "zima" na "zimika". Kijapani kina jozi za namna hiyo: akeru na aku, kowasu na kowareru, kesu na kieru.

Mado ga aite iru inatokana na aku: dirisha limefunguka, liko wazi, hatuulizi kwa nini. Huenda ni upepo. Mado ga akete aru inatokana na akeru: dirisha limefunguliwa, kuna mtu aliyelifungua kwa makusudi, ingawa hatajwi. Ndiyo maana -te aru hudai kitenzi chenye yambwa. Aite aru haipo. Mado o akete oku inahama kutoka kwenye dirisha hadi kwa mtendaji: unafungua mapema kwa ajili ya jambo lijalo, au unaliacha hivyohivyo wazi. Wageni wanakuja saa kumi, unanunua soda saa nne: jūsu o katte oku. Kwenye mazungumzo -te oku hufupishwa kuwa -toku, na -de oku kuwa -doku. Ukisikia kattoku ujue ni hiyo.

Mwalimu, kanuni ya -rareru nimeielewa kwa "kitabu kilisomwa". Lakini ame ni furareta imenishinda. Mvua hainyeshi mtu! Kiima kimetoka wapi? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Nairobi)

Ukitoka darasani bila mwavuli ukalowa, utawaambia nini nyumbani? "Nimenyeshewa." Nani kanyeshewa? Wewe. Kiima kimetoka hapohapo.

Kauli hii ya kutendwa yenye madhara huwatesa wanafunzi wa Kiingereza hadi miaka, kwa sababu lugha hiyo haina mlango wa kuingilia. Kiswahili kimewekewa mlango huo tayari, kwa kuunganisha kutendea na kutendwa: nyesha, nyeshea, nyeshewa. Ame ni furareta, nilinyeshewa na mvua. Tsuma ni shinareta, alifiwa na mke. Dorobō ni hairareta, tuliingiliwa na mwizi. Ona pia kiunganishi: ni inakaa palepale penye "na". Kijapani hakina kiambishi cha kutendea katikati, kinapachika -rareru moja kwa moja, hata kwenye kitenzi kama kufa ambacho hakina yambwa.

Mfano wa wizi ndio mzuri kuliko yote. Mwanafunzi mgeni huandika watashi no saifu ga nusumaremashita, "pochi yangu iliibwa". Sarufi si mbovu, ila sauti ni ya ripoti ya polisi. Mjapani husema saifu o nusumareta: mwenye pochi ndiye kiima, pochi inabaki yambwa na o yake. Yaani "nimeibiwa pochi", neno kwa neno. Otōto ni kēki o taberareta nayo ni ile "mdogo wangu kanilia keki", pamoja na lawama yake yote.

Umbo lenyewe: kundi la kwanza, u ya mwisho iwe a, kisha -reru (yomu, yomareru, nusumu, nusumareru). Kitenzi kinachoishia na u iliyotanguliwa na vokali huchukua wa: iu, iwareru. Kundi la pili ni -rareru. Suru ni sareru, kuru ni korareru. Kumbuka kwamba kwa kundi la pili umbo hilohilo ni la uwezo pia: taberareru ni "huliwa" na "hulika". Vijana huangusha ra na kusema tabereru kwa maana ya pili. Elewa ukisikia, usiandike kwenye mtihani.

Sasa kituo cha hatari, maana urahisi huu una mtego ndani yake. Kiswahili hutumia -iwa kwa mema na mabaya: nimeibiwa, nimepikiwa. Kijapani hugawa. Kwa baya, -rareru. Kwa jema, -te morau: ryōri o tsukutte moratta, nimepikiwa. Ukisema ryōri o tsukurareta, msikilizaji atajiuliza aliyekupikia alikukosea nini. Kila unapotaka kufasiri -iwa, uliza kwanza kama ulishukuru au ulinung'unika.

Naagiza magari yaliyotumika kutoka Japani. Nilimwandikia muuzaji okane o okutte agemasu, yaani nitakutumia pesa. Rafiki anayejua Kijapani alicheka, akasema nimemfanya muuzaji kama omba-omba. Kosa ni nini, ndugu mwalimu? (Mfanyabiashara, Dar es Salaam)

Kosa ni ageru. Vitenzi vitatu vya kupeana, yaani ageru, kureru na morau, hufuata -te kama kiambishi chetu cha kutendea, ila vinabeba mzigo ambao kiambishi hicho hakina: nani anamfadhili nani.

-te ageru: fadhila inatoka kwangu kwenda nje. Otōto ni hon o yonde ageta, nilimsomea mdogo wangu kitabu. -te kureru: fadhila inakuja kwangu au kwa watu wangu, na kiima ni mtoaji. Tomodachi ga yonde kureta, rafiki alinisomea. -te morau: kiima ni mpokeaji, mtoaji anapewa ni. Tomodachi ni yonde moratta, nilisomewa na rafiki.

Ukimtazama mtu usoni ukamwambia -te agemasu, umemkumbusha kwamba unamtendea hisani. Kwa mdogo wako hakuna shida. Kwa mteja, mkubwa, au muuzaji unayemdai gari, ni kiburi. Tumia badala yake umbo la unyenyekevu, ambalo ni o pamoja na shina la -masu na shimasu: o-okuri shimasu, nitatuma. Kwa pesa hasa kuna sōkin itashimasu. Kumbebea bibi mzigo vilevile: si motte agemashō ka, bali o-mochi shimashō ka.

Kosa la upande wa pili ni kuacha kureru. Sensei ga oshiemashita ni sentensi kavu, kana kwamba mwalimu alifundisha ukuta. Sensei ga oshiete kudasaimashita, na hapo shukrani imeingia (kudasaru ni kureru ya heshima, itadaku ni morau ya unyenyekevu).

Kwa kuwa utaomba hati kila mara, hivi ndivyo zinavyopanda adabu: okutte kure ni amri ya watu waliozoeana sana, okutte kudasai ni ya adabu lakini bado ni agizo, okutte kuremasen ka ni ombi, okutte itadakemasen ka ndiyo ya kumwandikia muuzaji. Kuruma no shorui o okutte itadakemasen ka, naomba unitumie hati za gari. Zikifika: shorui o okutte itadaki, arigatō gozaimashita. Usiandike okuraremashita kwa nia ya "nimetumiwa". Jibu lililotangulia limeeleza kwa nini.

Tabete shimatta ni "nimemaliza kula" au "nimekula kwa bahati mbaya"? (Msomaji, Zanzibar)

Zote mbili, na maneno ya jirani ndiyo yanayotenganisha. Ukiweka zenbu (yote), ni kumaliza: shukudai o zenbu yatte shimatta, kazi ya nyumbani nimeimaliza yote. Kitenzi chenyewe kikiwa cha hasara, ni majuto: saifu o wasurete shimatta, pochi nimeisahau, lo! Usiifananishe na -sha- ya "nimeshakula". Hiyo ni mō. Mtaani -te shimau ni -chau na -de shimau ni -jau: wasurechatta, nonjatta.

Kujaribu: -te miru au -yō to suru? (Mwanafunzi, Kampala)

Hebu fungua uone: akete miru. Kufungua kwenyewe hakuna shida, unachotafuta ni kilichomo. Mlango umekwama unausukuma: akeyō to suru, na mara nyingi sentensi inayofuata husema haukufunguka. "Nilijaribu kufungua" ya Kiswahili hubeba zote mbili, kwa hiyo fikiri kwa "-a uone". Ikikubali, ni -te miru: tabete miru, kula uone, kite miru, vaa uone.

Furu sō da na furisō da, tofauti ni hiyo i tu? (Msomaji, Bukoba)

Hiyo i tu, na inatosha. Ame ga furu sō da: wanasema mvua itanyesha, umesikia redioni. Ame ga furisō da: mvua inataka kunyesha, umeona wingu mwenyewe. Kwa vivumishi, oishii sō da ni kitamu kwa kusikia, oishisō da ni kitamu kwa kukitazama. Ii na nai zina ukaidi wao: yosasō, nasasō. Na usiseme kireisō da. Uzuri ukiuona kwa macho umeshauona, hauna "yaelekea": sema kirei da.